Upande wa Kushoto, Chini ya Mbavu

Benta hukaanga mgongo wazi pale Sori, karibu kabisa na ufuo wa ziwa, na mtu akitaka kuzungumza naye vizuri aanze na habari za mafuta. Atamweleza mafuta huchoka lini, moto hupunguzwa vipi, na kwa nini mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, lazima ipigwe jua kwanza ndipo iingie karaini. Mgongo wazi, kwa asiyejua, ni kile kinachobaki viwanda vikishachukua minofu: kichwa, uti na mkia. Nyama yote hupanda ndege ikaenda ng'ambo, wenye ziwa wakabaki na mifupa, na bado wapo wanaotuambia tuna bahati. Benta huwacheka watu hao. Ana kicheko kikubwa, na wateja wengine humjia kwa ajili ya kicheko kuliko samaki.

Ila habari za watoto haulizwi. Watu wa Sori wana mdomo, Mungu awasamehe, lakini kwa jambo hilo moja wamejifunza kunyamaza.

Benta alizaliwa Muhuru Bay, kwa mama aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, mpaka mgongo ukapinda. Somo alilolipenda shuleni lilikuwa sayansi, hasa sura ile ya mwili wa binadamu. Aliikariri yote. Mfumo wa damu ulikuwa na ukurasa wake, wa chakula wake, wa hewa wake, figo nazo peke yao, mifupa mwishoni, kila mmoja na mchoro na mishale yake, kama majirani wasiosalimiana. Alipata alama nzuri, akafika kidato cha pili, mambo yakakwama, akaolewa.

Mumewe, Zablon, ni fundi wa injini za boti, mtu wa Ndhiwa huko Homa Bay aliyefuata kazi ziwani. Ni mpole, si msemaji, na mikono yake hunuka petroli hata siku ya Sabato kanisani. Walipendana. Nalisema waziwazi kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alichukuliwa na homa kabla hajatambaa. Wa pili, msichana, alianza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu, vikawa vinene na kung'aa, akilia usiku kucha hata akiguswa na leso. Macho yake yaligeuka manjano. Naye akaenda. Majirani wakasema ni jicho la mtu, mwanamke fulani alimtazama mtoto akinyonya. Wengine wakasema ni maziwa ya Benta. Alipochukua mimba ya tatu alikuwa haombi tena mtoto mzuri wala mtoto wa kiume. Aliomba mtoto wa kubaki tu.

Ndipo mama mkwe wake, Orpah, akaja kutoka Ndhiwa. Orpah ni mwanamke mwembamba asiyerudia neno. Aliketi, akanywa chai, akasema kwa Kijaluo, "Nyar Muhuru," yaani binti wa Muhuru, "huyu atatupwa."

Asiyejua desturi asishtuke. Mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa hutupwa kwa mapatano. Mama mkwe humbeba alfajiri, amemfunga kwa kitambaa kikuukuu, akamweka njiani karibu na jalala. Mwanamke aliyeambiwa mapema hupita hapo kana kwamba ana safari zake, akamwona, akapiga kelele: nani ametupa kiumbe hapa? Humwokota. Halafu huja naye kwa mama mzazi, akasema nimeokota mtoto, nisaidie kumnyonyesha. Mama hujibu kwamba yeye hana mtoto, lakini maziwa anayo. Basi kifo kikirudi kutafuta mtoto wa Benta kitakuta Benta hana mtoto. Mtoto huitwa Owiti akiwa wa kiume na Awiti akiwa wa kike, yaani aliyetupwa.

Mwokotaji aliyechaguliwa alikuwa Mirumbe, Mkuria wa Kehancha aliyeuza wimbi la uji na ndizi pale sokoni. Orpah alimtaka kwa sababu hiyohiyo, kwamba si wa kabila letu. Kifo hakingefikiria kutafuta mtoto wa Kijaluo mgongoni mwa Mkuria. Mirumbe alikubali huku akicheka. Alfajiri ile alipoinama pale jalalani, mtoto akamshika kidole, kicheko kikaisha. Akapiga ile kelele kwa Kiswahili, maana Kijaluo chake kilikuwa cha kuuzia tu, na kwa sauti iliyowatoa watu vitandani.

"Wee! Nani ametupa mtoto wangu hapa?"

Kuanzia siku hiyo soko zima lilimwita Mirumbe Mama Awiti. Benta waliendelea kumwita Benta. Masharti yalikuwa wazi: asimsifu mtoto mbele ya watu, asimkumbatie, asimwite wangu, akilia asikimbie. Amtazame kama anavyotazama mtoto wa jirani. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, alimbusu mpaka kwenye nyayo. Kulipokucha alitoka nje akiwa na uso mwingine. Kazi hiyo ilimchosha kuliko moto wa karai.

Awiti hakuwa bado na mwaka vidole vilipovimba. Benta alivitambua. Alikaa navyo mapajani, hata machozi hayakutoka. Zablon alipoviona alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Orpah alipopigiwa simu alisema waache mambo yaendelee, mtoto ameshatupwa, atapona, mradi Benta asimng'ang'anie. Mirumbe ndiye aliyekuja asubuhi, akaangalia vidole, akaangalia nyuso zao, akashika kiuno.

"Nauliza tu. Huyu mtoto ni wangu ama si wangu?"

"Ni wako," Benta akasema.

"Basi kama ni wangu, mimi nampeleka kliniki. Wewe njoo umnyonyeshe njiani."

Kliniki walikutana na Ondieki, tabibu Mkisii mwenye sauti ya chini. Alichukua damu. Majibu yalipotoka aliwaita ndani, akauliza mama wa mtoto ni nani. Mirumbe akasema ni yeye. Ondieki alitazama blauzi ya Benta iliyolowa maziwa, akavuta viti viwili, akawafundisha wote wawili.

"Mmewahi kuona donge la mandazi limekatwa duara, halafu mtu akalibonyeza katikati?" aliwauliza. "Chembe ya damu iko hivyo. Ni laini. Ikifika kwenye mshipa mwembamba inajikunja, inapita, inaendelea na safari. Inachukua hewa kwa mapafu, moyo unaisukuma, inafika kwa kidole cha mguu, inarudi. Sasa hizi za mtoto, zikishaacha hewa zinakuwa ngumu, zinapinda kama mundu. Na mundu ukifika mahali pembamba…"

"Unakwama," Mirumbe alisema.

"Unakwama. Ule wa nyuma yake pia unakwama. Huko mbele hakufiki hewa. Kama ni kwa mfupa, mfupa unauma, ndiyo vidole hivi. Kama ni kwa mapafu, pumzi inakuwa shida. Ikikwama kwa ubongo, mkono na mguu wa upande mmoja vinaweza kulegea. Halafu chembe hizi hazidumu. Zangu na zako zinaishi miezi, zake wiki chache tu zinapasuka. Uboho ndani ya mifupa unatengeneza zingine mbio mbio lakini haufikii. Zile zilizopasuka zinaacha rangi, ini linashindwa kuitoa yote, ndiyo unaona macho ya manjano. Figo nazo hazibani maji vizuri, kwa hivyo atakojoa sana na kusikia kiu. Msimnyime maji."

Benta alikuwa akifuata kila neno. Kurasa zake za zamani zilikuwa zikimrudia, lakini sasa zimechanganyika, mapafu yanaingia kwenye mifupa, ini linaingia kwenye macho.

"Daktari, sasa ni mfumo gani umeharibika?"

Ondieki alifikiri kidogo. "Mama, kwa mwili hakuna hizo kurasa. Damu inapita kote, kwa hivyo shida ya damu inafika kote."

Kisha akamlaza mtoto chali, akauchukua mkono wa Mirumbe na mkono wa Benta, akaiweka upande wa kushoto, chini ya mbavu. Akasema hapo ndani kuna bandama. Ni kiungo kidogo, kazi yake ni kuchuja damu, kuondoa chembe zilizochakaa na kupigana na magonjwa. Kwa mtoto wa namna hii bandama inaweza kuziba ghafla, damu ikawa inaingia lakini haitoki, tumbo likavimba huku mwili mwingine ukibaki mtupu. Ikitokea hivyo hakuna kusubiri hata chai ichemke. Ni hospitali, aongezwe damu.

"Mguse hapa kila asubuhi na kila akilalamika. Mkijua ilivyo akiwa mzima, mtaijua ikikua."

Aliwapa dawa, akawaambia ugonjwa huu unatoka kwa wazazi wote wawili, kwa hivyo baba na mama wa kuzaa waje wapimwe. Benta aliinama akatazama sakafu. Hakusema ni mimi. Katika moyo wake alikuwa na Ondieki mkono mmoja na Orpah mkono wa pili, na hakuthubutu kuachilia hata mmoja.

Basi wakaanza asubuhi zao. Benta aliamka, akapasha vidole joto kwa pumzi, akafunga mlango, akampapasa mwanawe. Awiti alipoanza kusema aliuita mchezo huo kutafuta panya. Aliinua gauni mwenyewe.

"Panya amelala?"

"Amelala," Benta alimjibu.

"Usimwamshe."

Miaka ikaenda. Awiti alikuwa mwembamba, macho yenye umanjano kidogo, mdomo mkubwa kama wa mama yake. Kila alipokwenda alibeba chupa ya maji. Siku za maumivu alilazwa, siku za uzima alikimbia sokoni akila ndizi za Mirumbe. Alimwita Mirumbe mama. Mama yake mzazi alimwita Benta, kama walivyomwita wateja, na Benta aliitikia. Alijiambia mtoto akifika umri wa shule, akiwa ameota meno mapya, atamwambia. Alikuwa ameshapanga hata maneno.

Awiti alikuwa na miaka minne alipofariki baba mkubwa wa Zablon huko Ndhiwa. Haiwezekani mke wa nyumba akose matanga hayo. Mirumbe hakwenda, alikuwa na mzigo wa wimbi sokoni, na asubuhi ya safari alimfunga Awiti leso akamwambia awe na adabu kwa nyanyake. Walifika jioni. Boma lilikuwa limejaa turubai na viti vya kukodi, na wanawake wa ukoo walikuwa kwenye moto, kila mmoja na jicho lake.

Asubuhi ya mazishi Benta alijaribu kumwita Awiti nyuma ya ghala, amguse. Orpah alimwona.

"Nyar Muhuru, unataka nini na mtoto wa watu?"

"Nataka tu kumtazama tumbo, mama."

"Hapa? Kwa nyumba yenye maiti?" Orpah alimsogelea, akashusha sauti, na kilichokuwa ndani ya sauti hiyo ni woga mtupu. "Kifo kiko hapa bomani, kimekaa. Unataka kukionyesha kwamba yule ni wako? Mwache acheze."

Ni rahisi sasa kwa mtu aliyekaa kwake akisoma kusema angefanya vile au hivi. Benta alikuwa amezika wawili. Na kweli tangu huyu atupwe alikuwa amebaki. Vidonge vilisaidia au jalala lilisaidia, nani angemhakikishia? Alirudi kwenye sufuria.

Jua lilikuwa limepanda Awiti alipokuja mwenyewe. Alipita katikati ya wanawake, amekumbatia chupa yake ikiwa tupu, akasimama mbele ya Benta.

"Benta, panya ameamka."

Wanawake wakacheka, wakauliza panya gani, mtoto huyu ana maneno. Benta alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, ugali wa waombolezaji ukiwa mzito. Alimtazama mwanawe usoni. Midomo ilikuwa imepauka. Au ilikuwa moshi? Au ni vumbi? Nyuma ya bega lake alimsikia Orpah akikohoa kikohozi kidogo cha kuonya.

"Nenda ukalale kidogo kwa mkeka," Benta akamwambia, kwa sauti ile ya mtoto wa jirani. "Nikimaliza hapa nitakuja."

Awiti akaenda. Alikuwa mtoto mtiifu. Benta alijaza chupa maji, akampa msichana mmoja ampelekee. Msichana akarudi akasema amelala. Akaulizia tena, akaambiwa bado amelala, mwache. Ugali ukaiva, ukapakuliwa, mwingine ukawekwa. Kila mara alisema huu ndio wa mwisho, na kila mara wageni walizidi. Jeneza lilipotolewa nje na watu wote wakageuka upande huo kulia, ndipo alipoacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbia.

Viganja vya Awiti vilikuwa vyeupe kabisa. Tumbo lilikuwa gumu, na bandama ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa kitovu. Vidole vya Benta viliufuata ukingo wake wote. Awiti alifungua macho.

"Kiu," alisema.

Benta akapiga kelele. Hakuita Zablon, hakuita Mungu. Alipiga kelele "mtoto wangu, mtoto wangu," katikati ya matanga ya mtu mwingine, mpaka kilio cha kaburini kikakatika na watu wakageuka. Orpah alijifunika uso.

Walikwenda kwa pikipiki mpaka Homa Bay, mtoto katikati, Zablon nyuma akiwa amewakumbatia wote wawili. Hospitalini watu walikimbia, hawakusubiri kuulizwa. Walitafuta mshipa mkononi, wakautafuta mguuni. Mishipa ilikuwa imelala kwa sababu haikuwa na kitu ndani yake. Moyo ulipiga haraka sana, ukihangaika kusukuma kilichobaki, na mapafu yalivuta hewa ambayo haikuwa na wa kuibeba. Benta aliyaona yote hayo, aliyaelewa yote, na kuelewa hakukumsaidia chochote. Damu ya kumwongeza ilikuwa njiani kutoka chumba cha pili moyo uliposimama. Damu yake mwenyewe haikuwa imemwagika hata tone. Ilikuwa palepale tumboni mwake, imefungiwa.

Walimzika palepale Ndhiwa. Mirumbe alikuja. Aliposhuka tu wanawake walimzunguka, wakampokea kwa kilio, pole Mama Awiti, pole Mama Awiti, wakamkalisha kwenye mkeka wa mfiwa. Benta alikuwa akichota maji. Mirumbe aliwaacha waseme mara moja, mara mbili, kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye mtungi, akamshika Benta mkono, akamleta pale mkekani akamkalisha. Yeye mwenyewe akaketi chini kwenye mchanga. Siku hiyo hakuna aliyemwita tena Mama Awiti.

Ilichukua muda mrefu kabla Zablon hajakubali kwenda kwa Ondieki. Walipimwa wote wawili. Ondieki aliwaeleza kwamba kila mtu hupokea sehemu mbili za habari ya damu, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliye na sehemu moja mbaya haumwi, hata malaria haimsumbui sana akiwa mdogo. Hukua, huoa, hajui. Wakikutana wawili wa namna hiyo, mtoto anaweza kupata nzuri mbili, anaweza kupata moja moja kama wao, na anaweza kupata mbaya zote mbili. Si kosa la mtu. Zablon alikuwa na moja. Benta alikuwa na moja.

"Kwenu mlizaliwa wangapi?" Ondieki alimwuliza Zablon.

Zablon alisugua petroli iliyokauka viganjani. "Kulikuwa na wanne mbele yangu. Sikuwaona. Mimi ndiye nilitupwa, nikaokotwa na mke wa fundi wa viatu."

Benta aligeuka. Jina la Owiti alilijua, liko kwenye kitambulisho cha Zablon, lakini akina Owiti ni wengi waliorithi tu majina ya babu zao. Hakuwahi kuuliza, na mumewe si mtu wa kusimulia. Akamwona Orpah upya, akiwa kijana, na nyumba tupu. Hilo halikumfanya ampende. Alikaa na chuki yake, akaitunza vizuri.

Msimu wa karanga ulipofika Orpah alikuja Sori bila kualikwa, na kikapu kichwani. Ilikuwa alasiri, wateja wamepungua. Aliketi kwenye benchi karibu na karai, akaweka kikapu chini. Alikuwa amekonda zaidi.

"Zablon ameniambia mambo ya damu," alisema. "Sikuelewa. Nieleze wewe."

Benta alimweleza huku akigeuza samaki, bila kumtazama. Alimweleza chembe laini na chembe za mundu, mapafu na moyo, bandama inayofunga mlango, sehemu mbili za baba na mama. Alieleza kwa ukavu, kama anayesoma tangazo. Orpah alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Wale wanne wangu?"

"Huenda walikuwa hivyo, mama. Wengine huenda ilikuwa malaria. Hakuna anayeweza kujua sasa."

"Na Zablon?"

"Zablon alipata moja tu. Mwenye moja haumwi."

"Tangu tumboni?"

"Tangu tumboni."

Mafuta yalikuwa yakilia karaini. Orpah alipoanza tena, alikuwa akiongea taratibu, kama anayetafuta njia.

"Sikumbeba, unajua. Nilimnyonyesha nikiwa nimegeuza uso. Mke wa fundi wa viatu ndiye alimfunga mgongoni. Zablon alipojua kukaa, alikuwa akiniona napita ananyoosha mikono. Natazama kando. Kila siku ananyoosha, mimi natazama kando. Halafu siku moja nikapita, hakunyoosha. Hakunyoosha tena. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti nikashukuru Mungu. Nikasema sasa huyu atabaki." Alimgeukia Benta. "Ningeweza kumbeba?"

Benta aliinua macho. Angeweza kusema hakuna aliyejua wakati ule, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema ulifanya kwa upendo, na hiyo pia ingekuwa kweli. Maneno yote mawili yalimfika ulimini.

"Ungeweza kumbeba, mama," alisema. "Hakungekuwa na ubaya wowote."

Orpah aliinama polepole mpaka paji la uso likagusa magoti, na kilio kilichotoka hapo watu wa ufuoni walikisikia wakaacha nyavu zao. Alitaja majina manne ambayo Benta hakuwahi kuyasikia, kisha akalitaja la Zablon, kisha la Awiti. Benta alitoa karai motoni, akaketi kwenye benchi kando yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuketi naye. Alikaa hapo mpaka mama mkwe akanyamaza. Hakumshika.